Lori Liitwe Mwisho

Kampuni ya Mbeya inapohama kutoka Uhindini kwenda Forest Mpya, au ya Iringa inapotoka Miyomboni kwenda Gangilonga, ratiba yake kwa kawaida hupangwa na watu watatu: mwenye nyumba anayelitaka jengo lake mwisho wa mwezi, dalali aliyepata jipya, na mwenye lori. Afisa TEHAMA huambiwa siku chache kabla kwamba Jumamosi tunahama, andaa mashine. Nasema tangu mwanzo kwamba mpangilio huo umewekwa miguu juu kichwa chini, na ndio chanzo cha zile siku tatu, nne, pengine wiki mbili ambazo wateja husimama kaunta wakiambiwa mfumo uko chini. Tarehe ya kuhama inapaswa kupangwa na huduma inayochelewa kuliko zote kufika kwenye jengo jipya. Huku Nyanda za Juu Kusini huduma hiyo ni faiba, na inayoifuata kwa karibu ni umeme wa kuaminika. Meza, viti na makabati vinaweza kusubiri, na lori hupatikana kwa simu moja. Kwa hiyo lori liitwe mwisho.

Kosa linaanzia pale seva inapoonekana kama kabati la chuma lenye taa. Kabati ukilihamisha, vilivyomo vinabaki vilivyo. Mfumo wa kompyuta haukai ndani ya boksi moja. Unakaa kwenye uhusiano wa vitu vingi vinavyofahamiana kwa namba. Mtunza ghala wa tawi la Mafinga anapobonyeza kitufe kuangalia imebaki mifuko mingapi ya mbolea, ombi lake linatoka kwenye ruta yake, linasafiri hadi anwani ya IP ya makao makuu Mbeya, linapita kwenye swichi, linaifikia seva, na seva inaiuliza hifadhidata. Printa ya ankara ina namba yake. Kamera zina zake. Mashine ya alama za vidole inayosajili mahudhurio nayo ina yake, na mara nyingi hakuna aliyeiandika popote tangu siku fundi alipoifunga. Sasa ile anwani ya IP ya makao makuu si mali ya kampuni, ni ya mtoa huduma wa intaneti. Ukibadilisha mtoa huduma kwa sababu yule wa zamani hajafika mtaa mpya, namba inabadilika, na matawi ya Makambako, Tunduma na Kyela yanaendelea kubisha hodi kwenye nyumba uliyoihama. Hata pale matawi yanapotumia jina la kikoa badala ya namba, mara nyingi jina hilo huwa limewekwa ili jibu la zamani likumbukwe kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima. Dawa yake haina gharama: siku mbili kabla ya kuhama, muda huo upunguzwe hadi sekunde 300, ili namba mpya itambulike ndani ya dakika tano. Lakini afisa aliyeambiwa Alhamisi jioni kwamba Jumamosi asubuhi tunahama, hizo siku mbili anazitoa wapi?

Kwenye faiba ndiko kuliko na dhana potofu kubwa kuliko zote. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unapita Iringa na Mbeya, na unafika hadi mipaka ya Tunduma na Kasumulu kuunganisha Zambia na Malawi. Watu wakisikia hivyo huamini kwamba intaneti ya kasi ipo mjini, basi itakuwepo popote watakapopanga. Ni sawa na kusema bomba kuu la maji linapita barabarani, basi kila nyumba ina maji. Kazi iko kwenye mita mia chache za mwisho. Nani ana nguzo kwenye mtaa huo? Waya utavuka barabara? Utapita juu ya kiwanja cha jirani kwa ruhusa ya nani? Jengo lina njia ya kupandisha waya hadi ghorofa ya tatu, au utobolewe ukuta ambao mwenye nyumba hataki uguswe? Kuchimba barabara ya mtaa kunahitaji ruhusa ya TARURA, na barabara kuu iko chini ya TANROADS. Kila barua ina siku zake za kujibiwa. Mbeya kuna la ziada, nalo ni upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29. Anayepanga jengo kandokando ya barabara hiyo aulize nguzo na nyaya za eneo lake zitakaa wapi ujenzi ukifika, kwa sababu waya uliofungwa leo kwenye nguzo itakayong'olewa baadaye ni kazi ya kurudiwa. Maswali haya hayajibiwi na ofisi ya mauzo kwa simu. Yanajibiwa na fundi wa mtoa huduma aliyepanda hadi kwenye chumba kitakachokaa mashine, akatazama dirishani nguzo iko wapi, akaandika idadi ya mita na idadi ya siku. Bila karatasi hiyo mkononi, hakuna tarehe ya kuhama, kuna matumaini tu.

Umeme nao una mengi ya kufichua jengo likishapangwa. Ukiifungua soketi ya matundu matatu kwenye majengo mengi yaliyojengwa kwa ajili ya makazi kisha yakageuzwa ofisi, unakuta nyaya mbili tu nyuma yake. Tundu la erthi ni pambo. Taa zitawaka, pasi itapata moto, na hakuna atakayegundua chochote hadi mvua za kwanza. Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na zinakuja na radi. Waya wa shaba wa mtandao uliovutwa juu kwa juu kutoka jengo la mbele hadi ghala la nyuma ni njia nzuri ya radi kuingia kwenye swichi na kutokea kwenye kila kompyuta iliyounganishwa. Kati ya majengo mawili pavutwe faiba, ambayo ni kioo na haipitishi umeme. Chumba cha mashine kiwe na saketi yake, kisichangie na birika la chai wala mashine ya fotokopi. Mita ya Luku nayo iangaliwe: inayotumiwa na wapangaji wanne inaweza kuishiwa yuniti Jumapili usiku hakuna mtu, na Jumatatu mkaanza wiki kwa kutafuta nani alipaswa kununua. Betri za UPS huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na siku ya kuhama ndiyo siku mbaya kuliko zote kugundua hilo. Na jenereta? Inunuliwapo Kariakoo hupimwa kwa maandishi ya kiwandani. Hesabu ya mafundi ni kwamba injini isiyo na tabo hupoteza asilimia 3 hadi 4 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda kutoka usawa wa bahari. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi. Karibu moja ya tano ya jenereta yako imebaki chini pwani.

Mwinuko huohuo unalijibu pingamizi ninalolisikia mara nyingi zaidi: huku ni baridi, kiyoyozi cha nini? Baridi ya nje haiingii kwenye chumba kisicho na dirisha. Seva moja inayokula wati 500 mchana na usiku inatoa joto la wati 500 mchana na usiku, na zikiwa mbili pamoja na swichi na UPS, ni kama kuacha pasi imewashwa kwenye stoo iliyofungwa. Isitoshe, feni za mashine hizi hupoza kwa kusukuma hewa, na hewa ya mita 1,700 ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 15 hivi. Feni inazunguka kwa kasi ileile lakini inabeba joto pungufu. Ndiyo maana watengenezaji wengi wa seva hupunguza joto la juu linaloruhusiwa kwa takribani nyuzi moja kwa kila mita 300 ukishapita mita 900. Chumba cha Mbeya, basi, kinahitaji uangalifu zaidi kuliko anavyodhani mwenye koti. Baridi yenyewe ina hatari yake, na iko njiani: mashine ikilala kwenye lori Makambako usiku wa Julai, kisha ikaingizwa asubuhi kwenye chumba chenye joto la watu, unyevu wa hewa hugeuka matone juu ya chuma ndani yake kama unavyogeuka kwenye chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Ikiwashwa papo hapo, maji yanakutana na umeme. Iachwe saa kadhaa, ikiwa bado kwenye boksi lake, ilingane na joto la chumba.

Pingamizi la pili ni kwamba nakala ya akiba ipo, hivyo hata likitokea la kutokea tutarudi. Ipo wapi, na nani ameifungua? Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa ni faili tu lenye jina zuri. Kipimo chake ni rahisi kukieleza na kinachosha kukifanya: chukua diski ya nje, ichomeke kwenye kompyuta nyingine isiyo na uhusiano na seva, rejesha hifadhidata yote, fungua leja ya mwezi uliopita, kisha weka pembeni ile leja iliyochapwa kwenye karatasi na kusainiwa na mhasibu, ulinganishe salio la mwisho hadi senti. Zikikubaliana, una nakala. Zisipokubaliana, umejua mapema, ukiwa bado na seva inayofanya kazi. Kisha ziwe nakala mbili, na zisipande gari moja na seva. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300 za barabara kuu yenye matuta kila penye makazi, Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, hadi Uyole. Diski iliyozunguka miaka mitano bila kuzimwa inaweza isiamke hata ikihamishwa mtaa wa pili, sembuse safari hiyo. Kila diski itoke kwenye seva ikiwa na namba ya tundu lake imeandikwa juu yake, kwa sababu diski nne zinazofanana zikichanganywa, zipo seva zitakazokataa kuzitambua. Na hapa sheria nayo ina neno. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na atoe taarifa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale usalama wake unapovunjwa. Diski ya wanachama wa SACCOS iliyodondoka kwenye lori, au kompyuta chakavu iliyouzwa kwa bei ya kutupa ili kupunguza mizigo bila kufutwa, haiwezi kuhesabiwa kama upotevu wa kawaida wa kuhama.

Anayeona natia chumvi aitazame benki ya TSB ya Uingereza. Aprili 2018 ilitumia wikendi moja kuhamisha taarifa za wateja milioni 5.2 kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Taarifa zenyewe zilihama salama. Kilichoanguka ni mahali zilikohamia: vituo viwili vya mashine vilipaswa kufanya kazi pamoja, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba ni kimoja tu kilichofanyiwa majaribio ya uzito wa kazi. Wateja hadi milioni 1.9 wakakosa kuingia kwenye akaunti zao, hali ikarejea kawaida kabisa Desemba ya mwaka huo, na mwaka 2022 wasimamizi wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Ilikuwa benki yenye fedha, wataalamu na washauri, na bado tarehe ilipewa uzito kuliko utayari. Kampuni ya pembejeo ya Mwanjelwa haina wateja milioni tano, ila tabia ya tarehe iliyotangazwa ni ileile: ikishatajwa kwenye kikao, kila mtu anaona aibu kusema bado.

Hapo kuna fikra kwamba kuhama lazima kuwe kwa siku moja, kama bibi harusi. Serikali yenyewe haikufanya hivyo. Uamuzi wa kuhamia Dodoma ulisisitizwa upya Julai 2016. Waziri Mkuu akahamia Septemba mwaka huo, Makamu wa Rais Desemba 2017, na Rais Oktoba 2019. Sisemi kilichowapangia zamu ni kompyuta. Nasema taasisi kubwa kuliko zote nchini iliona inawezekana kufanya kazi miguu ikiwa pande mbili, na kampuni yenye watu 30 inaweza pia. Idara ambayo haigusani na wateja itangulie, ikae kwenye jengo jipya wiki mbili, igundue soketi mbovu na kona ambayo intaneti haifiki. Kaunta na uhasibu wafuate. Kalenda nayo isaidie. Kodi ya PAYE inadaiwa ndani ya siku 7 za mwezi unaofuata, ritani za VAT tarehe 20, mishahara mwishoni. Panabaki dirisha kati ya tarehe 8 na 15, na liwe la miezi mikavu, Mei hadi Oktoba. Mapumziko ya Nane Nane yanavutia, ila kwa Mbeya siyashauri: wiki hiyo maonesho ya Viwanja vya John Mwakangale huujaza mji, na fundi unayemhitaji saa nne usiku huenda yuko bandani. Mashine ya EFD isisahaulike kwenye mahesabu hayo, maana risiti yake inabeba anwani. TRA wajulishwe mapema ili Jumatatu usitoe risiti inayomwelekeza mteja kwenye jengo ulilohama.

Wapo watakaoniambia kwamba yote haya yamepitwa na wakati, kampuni ihamishie mifumo yake kwenye wingu na ofisi ibaki na kompyuta za mkononi tu. Nakubaliana nao nusu. Kweli seva haitapanda lori. Lakini ukiwa kwenye wingu, kila ankara, kila leja na kila barua pepe inapita kwenye ule waya mmoja wa faiba, kwa hiyo swali la waya utafika lini linakuwa zito maradufu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilitetereka Tanzania na nchi jirani; aliyekuwa na mfumo wake ndani ya jengo aliendelea kuandika ankara, aliyekuwa na kila kitu ng'ambo alisubiri. Simkatazi mtu wingu. Namwambia anunue njia mbili, na aulize zinapita wapi, kwa sababu watoa huduma wawili wanaoning'inia kwenye nguzo moja wataanguka na nguzo moja.

Pingamizi lenye haki kuliko yote ni la mkurugenzi wa fedha: haya yanamaanisha kulipa pango mara mbili kwa mwezi mzima. Ni kweli, na katika miji ambayo mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, si fedha ndogo. Nijibu kwa hesabu yake mwenyewe. Achukue mauzo ya siku moja ya kawaida, ajumlishe mishahara ya siku hiyo ya watu watakaokaa bila kazi, azidishe kwa siku tatu, kisha aweke jibu karibu na pango la mwezi. Kwa kampuni nyingi zenye matawi, hatahitaji kubishana nami zaidi. Tena ipo njia ya kupunguza maumivu ambayo haitumiwi vya kutosha: kabla ya kusaini, jengo likiwa bado tupu na mwenye nyumba ana hamu ya mpangaji, omba mwezi mmoja wa matengenezo usio na kodi, na uandikwe kwenye mkataba pamoja na ruhusa ya kutoboa ukuta, kuchimba erthi na kufunga nguzo ya antena. Ukishasaini na kulipa, ruhusa hizo utaziomba kama hisani.

Siku yenyewe ikifika, kama hayo yote yametangulia, kazi inayobaki ni ya mikono na utaratibu. Nyuma ya raki kila waya uwe na kibandiko cha namba pande zote mbili, na ipigwe picha kabla ya kuguswa. Mfumo uzimwe kwa mpangilio, programu kwanza, hifadhidata, seva, swichi, ruta mwisho. Uwashwe kinyume chake. Orodha hiyo isiachwe kichwani mwa fundi mmoja, hata awe mzuri kiasi gani, kwa kuwa naye huugua malaria na hupata msiba. Iwepo saa ya kughairi iliyoandikwa na kukubaliwa na mkurugenzi: kwa mfano, ikifika saa kumi jioni ya Jumapili na tawi la Mafinga haliwezi kuuza, kazi inarudi kwenye ofisi ya zamani na Jumatatu inaanzia huko. Saa hiyo ina maana tu ikiwa ofisi ya zamani bado ina laini na umeme, na ndiyo sababu laini ya zamani haikatwi hadi mwezi upite.

Ndugu mkurugenzi, kama wiki hii unakwenda kutia saini mkataba wa pango, iwe Soweto ya Mbeya au Kihesa ya Iringa, ahirisha kalamu kwa siku mbili. Mtume afisa TEHAMA wako na fundi umeme kwenye jengo hilo, wafungue soketi moja, wapime erthi, wamwite mtoa huduma ahesabu nguzo. Wakirudi na karatasi yenye idadi ya siku, hapo ndipo una tarehe ya kumtajia mwenye lori.